Jina la halua yetu limeibiwa mtandaoni, na cheti tulichokuwa nacho hakikutufaa

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze jambo lililonikaa kifuani tangu sikukuu iliyopita, na nalisema hadharani kwa sababu hapa Wete tu nawajua watu watatu wenye biashara ndogo ndogo walofikwa na hili hili, mmoja wa sabuni za mwani, mmoja wa mafuta ya karafuu na mmoja anashona kofia, na wote watatu walinyamaza wakasema basi, Mungu atalipa. Mie nimeshindwa kunyamaza.

Sisi kwetu tunapika halua. Baba yangu, Mungu amrehemu, aliipika zaidi ya miaka thelathini kwenye ua ule ule tunaopikia leo, sufuria ile ile kubwa ya shaba, na kila anaejua halua anajua kazi yake, wanga na sukari na samli ukishaviweka motoni huondoki tena, unakoroga mpaka mabega yanawaka, moto ukizidi kidogo inashika chini, ukiacha mkono ukapumzika inafanya mabonge, na unakwenda hivyo hivyo mpaka uione imeanza kung'aa na kuachia sufuria yenyewe, hapo ndo hiliki na zafarani na lozi. Baba alikuwa haitoi kwa mteja mpaka aonje mwenyewe. Halafu inatiwa kwenye kikapu kidogo cha miyaa, juu inafunikwa, na tangu nilipochukua mie kazi tunabandika karatasi yenye jina letu. Jina hilo silitaji hapa, barua hii si tangazo. Niseme tu kwamba jina ni la baba, na watu wa Unguja na Dar wakilitaja wanamtaja yeye.

Mtoto wa kaka yangu ndie aliotufungulia peji, miaka minne nyuma. Alipiga picha sufuria, mikono inakoroga, vikapu vimepangwa kwenye mkeka, akaanza kuposti, oda zikaja mpaka zikatushinda, tunapeleka vikapu bandarini vinakwenda na boti, mteja anapokea upande wa pili. Kwa kweli mtandao ulitufungulia riziki, sitaki mtu anisome akadhani naupiga vita.

Siku kumi kabla ya Eid nikapigiwa simu na mama mmoja wa Dar es Salaam. Sauti ya mtu mzima, mpole. "Mwanangu, shikamoo huniamkii, lakini si kitu, nauliza tu halua yangu mumeituma na boti gani?" Nikamwamkia, nikamtaka radhi, nikamuuliza oda yake kaiweka lini maana kwenye daftari simuoni. Akasema kaiweka wiki nzima, vikapu vinne, katuma shilingi 60,000 kwa simu, na katumiwa ujumbe kwamba mzigo umeshapakiwa. Nikamwambia mama, nisomee namba ulotumia pesa. Akanisomea. Si yetu.

Siku ile ile wakapiga wengine wawili. Keshoye watano. Mmoja alinitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika kwenye gazeti, akasema Wapemba tulikuwa tunasifiwa uaminifu kumbe wezi watupu, na nilipokata simu nililia, si kwa matusi, bali kwa sababu alilitaja jina la baba ndani ya sentensi ile.

Mtoto akakaa na simu yake akaitafuta hiyo peji. Aliponionyesha sikuona tofauti yoyote. Jina letu, nembo yetu, picha zetu, mpaka picha ya mikono inayokoroga na pete yangu ya fedha inaonekana kidoleni. Nikamwambia hii si yetu hii? Akasema, "Shangazi, tazama hapa vizuri," akaikuza kwenye kioo. Kwenye jina letu kuna herufi l ndogo. Yule mtu aliitoa akaweka I kubwa, ile i ya herufi kubwa. Kwenye simu ni kijiti kimoja tu, jicho halitenganishi, lakini kompyuta inaona ni jina jengine kabisa ndo maana lilikubalika kufunguliwa. Na kulikuwa na jambo jengine alilonionyesha, kwamba kuna sehemu kwenye peji unaweza kutazama ilianza lini na iliwahi kuitwaje, na peji ile mwanzo ilikuwa inauza simu zilizotumika, imebadilishwa jina wiki tatu kabla ya Eid, kwa hiyo wale wafuasi wengi waliokuwa wanaonekana pale hata hawakuwa watu wa halua. Na alikuwa analipia matangazo. Yaani mteja wetu anatafuta halua ya Wete, wa mwanzo kumuona ni mwizi.

Tukaripoti. Ndugu, jamaa, majirani, skuli nzima ya yule kijana wakabonyeza kuripoti, nadhani tulifika watu arubaini. Haikuondoka. Ikaja jawabu kwamba imetazamwa na hakuna kilichovunjwa. Tukajaza fomu nyengine, ile ndefu ya mwenye haki, pale ndo nilipojifunza somo lililonifanya niandike barua hii. Fomu inauliza: namba ya usajili wa alama ya biashara ni ngapi, imesajiliwa nchi gani. Nikasema alhamdulillahi, cheti tunacho, kimetundikwa ukutani, tukakipiga picha tukakituma. Wakajibu kwamba hicho si ushahidi wa alama ya biashara.

Nilikasirika sana. Nilidhani wanatudharau. Lakini kijana mmoja anaejua sheria, jamaa yetu, alipokitazama akasema hao wamejibu sawa, hichi ni cheti cha jina la biashara.

Mhariri, hapa ndipo ninapotaka wasomaji wako wanisikilize, maana nimeuliza watu wengi baada ya hapo, wafanyabiashara wenzangu wa Chake, Mkoani, Darajani, na karibu wote walikuwa wanajua kama nilivyokuwa najua mie, yaani hawajui. Jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili. Jina la biashara linasajiliwa kwa sheria namba 12 ya mwaka 2012, na kazi yake ni kuwajulisha watu kwamba biashara inayoitwa hivi mwenyewe ni fulani, basi. Halikupi umiliki wa neno lile wala nembo ile. Alama ya biashara inasajiliwa kwa sheria nyengine, namba 4 ya mwaka 2008, ile ya hataza (yaani haki za wavumbuzi) na alama na mambo ya ubunifu wa viwandani, na hiyo ndo inayokupa haki ya kumwambia mtu mwengine usitumie, na ndo hiyo mitandao yote mikubwa inayokuuliza namba yake. Vyote viwili vinasajiliwa na wakala mmoja, BPRA, yaani wakala wa usajili wa biashara na mali wa Zanzibar, na nadhani hapo ndo watu wanapopotelea, unaingia mlango mmoja unatoka na cheti chenye muhuri unadhani umemaliza. Hujamaliza.

Tukabaki na nini? Tukabaki na picha. Yule jamaa yetu akatuuliza picha kazipiga nani, mtoto akasema mimi, akamuuliza za asili unazo, akasema zote zimo kwenye simu ya zamani na tarehe zake. Akasema basi anzieni hapo, kwa sababu hakimiliki ya picha huihitaji kuisajili ndo uwe nayo, ukishapiga picha ni yako, Zanzibar tuna sheria ya hakimiliki tangu 2003 na dunia nzima inakwenda hivyo. Tukajaza fomu ya hakimiliki, si ile ya alama, tukaweka linki ya kila picha moja moja, za kwetu upande huu za kwake upande huu. Baada ya siku tatu picha zikaondoshwa na peji ikafungwa. Ilikuwa usiku wa kuamkia Eid. Wateja wengi walikuwa wameshaliwa.

Na kabla Shawwal haijaisha akarudi. Safari hii hakutumia picha zetu, kapiga zake, sijui halua ya wapi ile, ilikuwa imepauka kama uji ulioganda. Jina lile lile. Sasa hakimiliki haina kazi, picha ni zake. Jina ndo letu, na jina hatuna karatasi yake.

Kwa hiyo tumeingia kwenye usajili, na niwaeleze wenzangu nilivyouona kwa macho yangu. Kwanza unatafutiwa kama hakuna aliyekutangulia na alama inayofanana. Halafu unaambiwa uchague daraja, kwa sababu bidhaa na huduma zote duniani zimegawiwa madaraja 45, la 1 mpaka la 34 ni bidhaa, la 35 mpaka la 45 ni huduma. Halua imo daraja la 30 pamoja na vyakula vitamu, chai, kahawa na viungo, kwa hiyo mwenye kupakia karafuu, mdalasini na hiliki za kupikia nae ni la 30. Mwenye sabuni ya mwani na mafuta ya kujipaka ni la 3. Mwenye kofia na nguo ni la 25. Ukisajili la 30 mtu akatia jina lako kwenye sabuni, kumzuia si kazi nyepesi, kwa hiyo ni vizuri ufikirie na kesho utauza nini, lakini pia usijaze madaraja yote kwa tamaa kwa sababu kila daraja lina ada yake na alama usiyoitumia inaweza kuondoshwa. Maombi yanakaguliwa, yanatangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, ndo unapata cheti. Ni cha miaka 10, kisha unakihuisha.

Jambo ambalo mtu asidanganyike nalo: neno "halua" peke yake hakuna wa kukupa, wala "halua ya Wete", maana hayo ni maneno ya watu wote, kila anaepika halua Wete ana haki ya kusema ni ya Wete. Na sitaki kulichukua, Mungu aniepushe. Unachosajili ni kile kinachokutenga wewe na jirani yako, jina lako na nembo yako. (Sheria ile ile ya 2008 ina sehemu ya alama za kijiografia, ambayo ni haki ya watu wa mahali pamoja kwa kitu chao, na kwa maoni yangu halua ya Wete ingestahili, lakini hilo linataka wapikaji wote tukae pamoja, na hatujakaa.)

Halafu kuna la bara. Hili lilinishangaza zaidi kuliko yote. Cheti cha Zanzibar kinalinda Zanzibar. Bara wana sheria yao ya mwaka 1986 na wanasajili BRELA, wakala wao wa usajili wa biashara na leseni, cha kwao ni miaka 7 mwanzo halafu unahuisha kila miaka 10. Nchi moja, lakini alama mara mbili. Wateja wetu wengi wako Dar, mwizi wetu kwa dalili zote yuko huko huko, kwa hiyo ukisajili huku tu unafunga dirisha na mlango uko wazi. Kwa mpika halua gharama hizi mbili si ndogo, nami nawaomba wakubwa wetu walioko serikalini walitazame hili kwa jicho la huruma, mfanyabiashara mdogo wa Pemba anauza pande zote mbili za bahari kwa simu moja, haki yake nayo ingesafiri hivyo hivyo.

Kuhusu tovuti nitasema kwa kifupi. Jina la tovuti linatolewa kwa wa mwanzo kuomba, haulizwi wewe ni nani. Sisi jina letu linaloishia .co.tz tulilichukua baada ya mkasa, kwa mwaka halifiki hata bei ya vikapu vichache, na kama hujafungua tovuti lichukue hivyo hivyo liwe lako. Akilichukua mwengine, kwa majina ya .com kuna utaratibu wa usuluhishi ulioanza 1999, unakwenda Shirika la Miliki Ubunifu Duniani kule Geneva au vituo vyengine, unatakiwa uthibitishe mambo matatu, kwamba jina linafanana na alama yako kiasi cha kuchanganya watu, kwamba yule hana haki nalo, na kwamba kalisajili na analitumia kwa nia mbaya. Ada kwa jina moja mbele ya mwamuzi mmoja pale Geneva ni dola 1,500. Dola 1,500 ni samli ya mwaka mzima kwetu sisi. Na hata ukizipata, swali la mwanzo ni lile lile, alama yako iko wapi.

Wako watakaosema mambo haya ni ya makampuni makubwa ya kizungu. Jamani. Tembeeni Mji Mkongwe mutazame fulana za Hakuna Matata zilivyotundikwa milangoni, maneno yetu ya kila siku yale, na Disney waliyaombea usajili Marekani mwaka 1994 kwa ajili ya nguo na wakayapata 2003. Watu zaidi ya laki moja walitia saini kulalamika mwaka 2018, alama bado ilikuwa yao. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno kikoy, kikoi chetu hichi cha kiunoni, ikabidi watu wa Kenya na marafiki zao wapinge ndo ombi likafa. Wenzetu Ethiopia waliona mapema, mwaka 2005 serikali yao ikaenda Marekani kuomba alama za majina ya kahawa zao, Sidamo, Harrar na Yirgacheffe, wakapingwa, wakasimama, na mwaka 2007 wakafikia makubaliano na Starbucks, kampuni kubwa ya maduka ya kahawa. Mie nikifikiria karafuu ya Pemba, jina linavyotajwa kwenye maduka ya mtandaoni na watu ambao hata hawajui Pemba iko wapi, moyo unaniuma.

Lakini nirudi kwa sisi wadogo. Ikikufika leo, kabla hujapiga kelele kwenye peji yako, piga skrinshoti kila kitu, peji, jina, linki yake kamili, tarehe, namba ya kutumia pesa, mazungumzo na wateja walioibiwa, maana ukianza kelele anafuta na ushahidi unakwenda nae. Sie tulianza kelele, tukapoteza baadhi. Ile namba ya simu iripotiwe 15040, namba ya kuripotia matapeli wa simu, na polisi nenda, kwa sababu kujifanya mtu mwengine mtandaoni ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hiyo inafanya kazi bara na visiwani. Kule nilikokwenda mara ya kwanza kijana wa mezani aliniambia, "Mama, hilo la mtandao sisi hatuliwezi, hebu wasamehe." Nikamjibu mwanangu, nisamehe kwa niaba ya nani, pesa si zangu zilizoliwa. Siku ya pili nilimkuta mwengine, alinisikiliza mpaka mwisho na kuandika kila kitu, Mungu ampe kheri.

Na nyinyi wateja wetu, wa halua na wa chochote, mukiona bei imeshuka ghafla siku za sikukuu, tazameni namba ya simu kabla ya kutuma pesa, muilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye kikapu mulichonunua mwaka jana. Kikapu hakidanganyi. Ukiwa huna kikapu, omba upigiwe simu ya video uonyeshwe sufuria. Sisi siku hizi tunawaonyesha, hata usiku, na wala hatuoni taabu.

Ombi langu kwa wahusika wa usajili ni dogo, nalo nalisema kwa heshima. Mtu akija kusajili jina la biashara, pale pale mezani aambiwe kwa mdomo, si kwa kijitabu, kwamba hili halilindi nembo yako, kama unauza mtandaoni sajili na alama. Maneno hayo hayachukui dakika moja. Mie ningeambiwa siku ile nilipokwenda, miaka minane nyuma, cheti kingekuwa mkononi kabla peji ile haijafunguliwa.

Maombi yetu yameshapelekwa, tunasubiri. Wateja walioibiwa na waliotupigia tumewapelekea kila mmoja kikapu, ingawa hawakutudai, wengine walikataa wakasema nyinyi hamna kosa, lakini baba asingekubali jina lake lidaiwe. Aliobaki ni mmoja, yule mama wa mwanzo wa vikapu vinne. Namba yake ilikuwa kwenye simu iliyoharibika na hakupiga tena. Kama wewe mama unalisoma gazeti hili, au mtoto wako analisoma, vikapu vyako vinne vipo, tunavipika upya kila mwezi visichakae, tupigie kwa namba iliyo kwenye karatasi ya zamani, haijabadilika.

Wako msomaji,
Mpika halua,
Wete, Pemba